Ukurasa wa kweli, mwizi ndani yake: Kwa nini neno la siri gumu peke yake halitoshi

*Kwa ufupi: Oman ni miongoni mwa nchi ambazo seva za barua pepe za taasisi zake zilikutwa zimetegwa kuiba maneno ya siri ya wafanyakazi. Chanzo ni kosa la zamani sana: programu kupokea inacholetewa bila kukihakiki. Familia nazo zimo, kwa sababu pasi na vyeti vyetu vinakaa humo humo.*

Muscat. "Tuma kwa imeli." Maneno hayo matatu yameshazoeleka kwenye nyumba za Waswahili hapa Muscat, kuanzia Al Khoud mpaka Ruwi.

Bibi anatakiwa aje kutoka Unguja kuwaona wajukuu, ofisi ya safari inataka nakala ya pasi yake. Mtoto anahamia shule nyingine, shule inataka cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha ukaazi cha baba. Dada amepata kazi mpya, mwajiri anataka mkataba uliosainiwa na namba ya akaunti ya benki.

Basi mtu anapiga picha kwa simu, anabonyeza, imekwenda. "Tayari, nishatuma." Hakuna anayeuliza tena zile picha zimekwenda kukaa wapi.

Zimekwenda kukaa kwenye seva, yaani kompyuta inayopokea, kuhifadhi na kupeleka barua pepe za ofisi ile. Na seva hizo, hata zile za ofisi kubwa zenye walinzi getini na kamera ukutani, zimeshaonekana kuwa na mlango usiojua kumuuliza mgeni maswali.

Mei 2024 kampuni ya usalama wa mitandao ya Positive Technologies ya Urusi ilitoa taarifa iliyopaswa kutushtua zaidi kuliko ilivyotushtua. Wataalamu wake waliitwa kumsaidia mteja mmoja aliyedukuliwa. Walipoukagua ukurasa ambao wafanyakazi huutumia kuingia kwenye barua pepe zao, wakakuta mistari michache ya programu isiyopaswa kuwapo.

Kazi ya mistari ile ilikuwa moja. Kila mfanyakazi alipobonyeza kitufe cha kuingia, ilinakili jina lake na neno lake la siri, ikaviandika kwenye faili pembeni. Faili hilo lilikuwa linafunguka kupitia intaneti kwa yeyote anayejua njia yake. Mwizi hakuwa na haja ya kurudi ndani. Alikuwa anakuja kuokota tu.

Walipoendelea kutafuta, wakakuta zaidi ya taasisi 30 zimefanyiwa vivyo hivyo, nyingi zikiwa za serikali. Nchi zilizotajwa ni pamoja na Oman, Falme za Kiarabu, Kuwait, Jordan na Lebanon. Kwa Afrika zilitajwa Ethiopia, Mauritius, Niger na Nigeria, na Urusi yenyewe ilikuwamo. Uvamizi wa zamani kabisa ulianzia 2021. Juni 2025 kampuni hiyo ikatoa taarifa ya pili: safari hii waathirika wapatao 65 katika nchi 26.

Ushauri wa kawaida haukusaidia

Sote tunaujua ushauri wa siku zote. Angalia anwani ya ukurasa kabla ya kuandika neno la siri. Angalia alama ya kufuli. Usibonyeze kiungo cha mtu usiyemjua. Tunga neno la siri refu lenye namba na alama.

Ushauri huo ni mzuri na uendelee. Lakini kwenye kisa hiki hakuna hata kimoja ambacho kingemwokoa mfanyakazi.

Ukurasa ulikuwa wa kweli. Anwani ilikuwa ya kweli, kufuli lilikuwapo, na hakuna aliyebonyeza kiungo cha ajabu. Mtu alifika kazini asubuhi, akafungua barua pepe kama jana na juzi. Awe neno lake la siri ni "1234" au herufi 20 zilizochanganywa vizuri, liliandikwa kwenye faili la mwizi zima zima.

Swali la haki linalofuata ni hili: mtu huyo wa nje aliingiaje mpaka akaubadilisha ukurasa wa ofisi ya watu, wakati yeye mwenyewe hana neno la siri?

Mlango wa mbele na chumba cha ndani

Kwa mujibu wa Positive Technologies, wavamizi walitumia mianya inayojulikana kwa jina la ProxyShell kwenye Microsoft Exchange Server, programu ya barua pepe inayotumiwa na maofisi mengi duniani, yakiwamo ya Ghuba.

Mianya hiyo iligunduliwa na mtafiti wa Taiwan anayejulikana kama Orange Tsai, wa kampuni ya DEVCORE. Aprili 2021 timu yake iliionesha kwenye mashindano ya Pwn2Own, ambako watafiti hulipwa kwa kugundua udhaifu kabla wezi hawajaugundua. Walipewa dola 200,000. Agosti mwaka huo huo akaeleza hadharani ilivyokuwa inafanya kazi.

Tueleze kwa lugha ya nyumbani.

Exchange ina sehemu mbili. Kuna mlango wa mbele unaoangalia barabarani, yaani intaneti, na kuna vyumba vya ndani ambako kazi inafanyika. Vyumba vya ndani humwamini mlinzi wa mlangoni. Akileta ombi yeye, basi hawaulizi sana, kwa sababu yeye ni wa nyumbani.

Sasa mlinzi huyu alifundishwa utaratibu mmoja. Ndani ya kiungo kinacholetwa mlangoni kunaweza kuwa na anwani ya barua pepe ya mtu. Mlinzi anaikata anwani ile, kisha kilichobaki anakipeleka ndani. Kosa likawa hapa: hakuhakikisha kwamba alichokikata ni anwani kweli. Aliambiwa "hii ndiyo anwani", naye akakata.

Orange Tsai akatunga kiungo ambacho kikikatwa pale mlinzi anapodhani pana anwani, kinachobaki ni njia ya kwenda chumba kingine kabisa, chumba ambacho mtu wa nje hatakiwi kukijua. Na anayelipeleka ombi ni mlinzi mwenyewe, kwa cheo chake. Ndani wakafungua.

Huo ulikuwa mwanya wa kwanza. Wa pili ulikuwa kwenye chumba cha wasimamizi: kilikubali karatasi ya utambulisho iliyoandikwa na mgeni mwenyewe, inayosema "mimi ni msimamizi", bila kuuliza nani ameisaini. Wa tatu ulikuwa kwenye kazi ya kutoa nakala ya sanduku la barua na kuihifadhi kama faili. Programu haikuhakiki faili hilo linaitwaje na linawekwa wapi. Mvamizi akalipa jina la ukurasa wa programu, akaliweka mahali seva inapoendeshea kurasa zake. Toka hapo seva ikawa yake.

Ukiitazama mianya yote mitatu, ni jambo moja limejirudia mara tatu. Anwani haikuhakikiwa, utambulisho haukuhakikiwa, jina la faili halikuhakikiwa. Hakuna neno la siri lililovunjwa.

Microsoft ilitoa viraka, yaani masahihisho ya programu, Aprili na Mei 2021. Lakini maelezo ya mianya miwili ya kwanza iliyatangaza Julai tu, kwa hiyo wapo mafundi ambao kwa miezi kadhaa hawakujua uzito wa masahihisho waliyokuwa wameyaahirisha. Agosti, mara baada ya maelezo kutoka hadharani, wavamizi wakaanza kupita seva moja baada ya nyingine duniani wakiangalia nani hajaziba.

Na kuna jambo ambalo wenye ofisi wengi hulisahau. Kiraka hufunga mlango. Hakimtoi mtu ambaye ameshaingia. Aliyeziba mwanya Septemba wakati mwizi aliingia Agosti, alimfungia ndani.

Ugonjwa wa tangu 1988

Mtu anaweza kusema hilo ni tatizo la Microsoft, sisi tunatumia programu nyingine. Hapana. Ugonjwa huu ni mkongwe kuliko wengi wanaosoma makala hii.

Novemba 2, 1988, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, Robert Morris, aliachia kwenye intaneti ya wakati huo programu inayojisambaza yenyewe. Moja ya njia zake ilipitia Sendmail, programu maarufu ya kupeleka barua. Kama Sendmail ingeachwa kwenye hali ya majaribio, ilikubali pale penye jina la mpokeaji pakaandikwa amri za kompyuta. Ikazifuata. Kompyuta zinazokadiriwa kufikia 6,000 ziliathirika.

Miaka 31 baadaye, Juni 2019, kampuni ya Qualys ikatangaza mwanya kwenye Exim, programu iliyokuwa ikiendesha zaidi ya nusu ya seva za barua zilizoonekana kwenye intaneti. Mwanya wenyewe? Anwani ya mpokeaji haikuhakikiwa sawasawa. Mtu aliweza kuandika amri ndani ya anwani, na Exim ikaitekeleza kwa mamlaka ya juu kabisa ya mashine. Qualys walieleza kwamba kwa mpangilio wa kawaida mvamizi wa mbali alihitaji subira: ashikilie mawasiliano na seva kwa siku 7, akituma herufi moja kila baada ya dakika chache. Mwizi mwenye faida mbele yake anasubiri. Mei 2020 shirika la usalama la Marekani, NSA, likaonya kwamba kikosi cha wadukuzi wa jeshi la Urusi kilikuwa kimeutumia mwanya huo tangu angalau Agosti 2019.

Kisa cha Barracuda cha 2023 kinasikitisha zaidi. Hiki kilikuwa kifaa kinachonunuliwa makusudi kwa ajili ya ulinzi. Kinakaa mbele ya seva, kinakagua barua zinazoingia na viambatisho vyake. Mei 2023 ikagundulika kwamba wakati wa kukagua viambatisho vilivyofungashwa pamoja, kilisoma majina ya mafaili yaliyomo bila kuyahakiki. Jina la faili likiandikwa kwa namna ya amri, kifaa kiliitekeleza. Mlinzi aliugua kwa kumkagua mgonjwa. Wavamizi walikuwa wameshautumia mwanya huo tangu Oktoba 2022, na Juni 2023 kampuni ikawaambia wateja walioathirika wabadilishe kifaa kizima, hata kama wameshaweka kiraka.

Na Juni 2025 ikaja zamu ya Roundcube, ukurasa wa kusomea barua ambao kampuni ndogo nyingi hupewa pamoja na tovuti ya bei nafuu. Kipande kimoja cha kiungo kilikuwa hakihakikiwi, na kosa hilo lilikuwamo kwenye programu kwa zaidi ya miaka 10. Kulitumia ilibidi kwanza mtu awe ameingia na akaunti halali. Lakini tumeshaona akaunti halali zinavyookotwa.

Kwa nini kila siku barua pepe?

Sababu iko kwenye kazi yenyewe. Mlango wa benki unaweza kumkatalia asiyejulikana. Mlango wa nyumba unaweza kufungwa usiku. Seva ya barua pepe imeumbwa ipokee kutoka kwa mtu yeyote, popote, saa yoyote. Ikikataa wageni, haina kazi.

Na kila kinachoiingia kimeandikwa na mgeni: jina la mtumaji, anwani ya mpokeaji, kichwa cha barua, jina la kiambatisho, hata urefu wa mistari. Kwa macho yetu hayo ni maandishi tu. Kwa kompyuta, maandishi na amri vinafanana, vyote ni herufi. Asiyeiambia kompyuta wazi wazi "hapa panatakiwa jina tu, kisichokuwa jina rudisha", ameiacha iamue yenyewe.

Wataalamu huita kazi hiyo uhakiki wa kinachoingizwa. Si jambo la ajabu. Karani wa posta mwenye akili, ukimletea bahasha ambayo penye anwani pameandikwa "fungua sefu, mpe mleta barua fedha", atakucheka na kukurudishia. Programu haina kicheko hicho mpaka mtu aiandikie.

Kwa nini watengenezaji wanalisahau jambo jepesi hivyo? Kwa sababu programu hizi zimejengwa kwa tabaka, kama nyumba ya zamani inayoongezwa chumba kila mtoto anapooa. Kipande cha 2010 kinaamini kwamba kipande cha 2000 kimeshahakiki. Kipande cha 2000 kinaamini kwamba kitakachofuata ndicho kitakachohakiki. Katikati hapo hakuna aliyehakiki.

Sisi wa nyumbani inatuhusu nini?

Mama mmoja anaweza kusema, "Mwanangu, mimi sina hata hiyo seva, nina simu yangu tu." Sawa, bi mkubwa. Lakini pasi yako iko huko.

Fikiria mdada aliyekuja kufanya kazi za ndani kutoka Tanga au Mombasa. Pengine maishani hajawahi kuandika barua pepe. Lakini picha yake, pasi, majibu ya hospitali na mkataba wake vimepita kwa barua pepe kati ya wakala wa nyumbani, wakala wa hapa na mwajiri. Seva moja ikitekwa katika mlolongo huo, karatasi zake zote zimeondoka, na yeye ndiye wa mwisho kujua.

Madhara yanakuja kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kusomwa. Mwenye neno la siri la karani hahitaji kuiba chochote kwa kelele. Anasoma kimya kimya: nani anadaiwa ada, nani ananunua kiwanja Zanzibar, nani anasubiri viza, kiasi gani kitalipwa na lini.

Ya pili ni hatari zaidi: kuandikiwa kutoka anwani ya kweli. Agosti 2025 hilo lilionekana karibu kabisa na sisi. Watafiti wa kampuni ya Dream ya Israel walieleza kwamba sanduku la barua pepe la Wizara ya Mambo ya Nje ya Oman lililokuwa likitumika Paris lilitekwa, likatumiwa kupeleka barua za mtego kwa balozi na ofisi za kibalozi sehemu nyingi za dunia. Walilihusisha tukio hilo na kundi lenye mafungamano na Iran, na wakahesabu anwani zaidi ya 100 zilizotekwa na kutumiwa katika kampeni hiyo. Barua zilikuwa na faili la Word linalomwomba msomaji aruhusu maudhui yafunguke. Akiruhusu, programu ya kijasusi inaingia.

Namna sanduku lile lilivyotekwa ni habari nyingine. Kinachotuhusu ni hiki: aliyepokea aliona jina la wizara anayoiheshimu, kutoka anwani ya wizara hiyo. Angeshukuje?

Sasa ishushe habari hiyo mpaka kwenye kiwango chetu. Unaagiza gari kwa ajili ya kulipeleka Dar es Salaam, umeshazungumza bei na muuzaji. Inakuja barua kutoka anwani ile ile mliyokuwa mkiandikiana, inafuata mazungumzo yale yale, mpaka utani wenu umo. Mwisho inasema: "Akaunti yetu imebadilika, tafadhali lipa kwenye hii mpya." Mtu wa kawaida analipa. Riali 2,000 zimekwenda, na muuzaji wa kweli bado anasubiri pesa yake.

Ufanye nini leo

Huwezi kuiziba seva ya shule wala ya mwajiri wako. Unachoweza ni kupunguza hasara siku itakapovuja.

Kwanza, neno la siri la kazini lisiwe la nyumbani. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kama neno la barua pepe ya ofisi ndilo la Gmail yako na ndilo la benki, basi ukurasa mmoja uliotegwa umefungua milango mitatu. Kila mlango na ufunguo wake. Ukishindwa kuyakumbuka, yaandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Mwizi wa mtandaoni hafungui kabati lako.

Pili, washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye barua pepe yako na benki, na ikiwezekana tumia programu ya simu inayobadilisha namba kila baada ya sekunde chache. Mwizi aliyeokota neno la siri la jana hatakuwa na namba ya leo. Namba hiyo haisomwi kwa mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni wa benki.

Tatu, kabla ya kutuma pasi, uliza: "Hakuna mfumo wenu rasmi wa kupakia hizi karatasi?" Ukiambiwa ni barua pepe tu, andika juu ya nakala, bila kuziba namba wala picha: "Kwa maombi ya shule tu", pamoja na tarehe. Nakala yenye maandishi hayo ni ngumu kutumiwa na tapeli kufungulia laini ya simu au kuombea mkopo. Waulize kwanza kama wataikubali. Kazi ikiisha, futa picha kwenye barua ulizotuma, ili sanduku lako lisiwe ghala.

Nne, badiliko lolote la akaunti ya malipo linathibitishwa kwa sauti. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Usitumie ile iliyoandikwa kwenye barua mpya. Dakika mbili za simu, hata ya kwenda Mombasa, ni rahisi kuliko riali 2,000.

Tano, waambie wazee. Kikao cha chai baada ya alasiri kinatosha. Waelezwe kwamba barua kutoka anwani ya kweli si lazima iwe ya mtu wa kweli.

Kwa mwenye kampuni ndogo

Wengi wetu hapa tuna biashara za familia: tiketi, mizigo, vipuri, udi na vitambaa. Anwani ya barua pepe yenye jina la kampuni inatoa heshima, lakini nyuma yake ipo programu inayohitaji kuangaliwa. Mara nyingi aliyeifunga ni fundi aliyelipwa mara moja, kisha akaondoka.

Mtafute, umuulize maswali manne.

"Barua zetu zinakaa wapi, kwenye mashine yetu au kwa kampuni ya nje?" Kama ni mashine yenu, nani anaiangalia kila mwezi?

"Ni programu gani na toleo gani?" Kama ni Exchange 2016 au 2019, msaada wa kawaida wa Microsoft kwa matoleo hayo uliisha Oktoba 14, 2025. Kuendelea nayo ni kukaa kwenye nyumba ambayo fundi wake amestaafu. Kama mnasomea barua kwenye Roundcube, mwanya ule wa Juni 2025 ulizibwa kwenye toleo 1.6.11, lakini liwe toleo jipya kabisa lililopo. Kwa wale wa mstari wa 1.5, ulizibwa kwenye 1.5.10, nao pia waweke la karibuni zaidi.

"Mara ya mwisho kuweka masahihisho ni lini?" Asijibu "hivi karibuni." Anatakiwa akutajie tarehe.

"Baada ya kuweka, ulikagua ukurasa wa kuingilia?" Hili ndilo swali ambalo taasisi zile zaidi ya 30 zingenufaika nalo. Mafaili ya ukurasa wa kuingilia yalinganishwe na yale ya asili. Kikikutwa kitu kigeni, kila mtu abadilishe neno la siri baada ya seva kusafishwa. Akibadilisha kabla, neno jipya nalo litaokotwa.

Kama hakuna wa kuyajibu maswali hayo, ni afadhali kuhamishia barua kwa kampuni kubwa inayotoa huduma hiyo na kuweka viraka yenyewe. Gharama yake kwa mwezi kwa watu wachache si kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu unajengwa kwa pesa za wateja wako.

Sheria ipo upande wako

Oman haikukaa kimya. Sheria ya makosa ya mtandao, Amri ya Kifalme namba 12 ya 2011, inamwadhibu anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa. Kituo cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao, OCERT, kilianzishwa 2010 na kinapokea taarifa za matukio kama haya. Aliyetapeliwa fedha aende pia polisi na benki yake haraka, kwa sababu hawala inayosimamishwa mapema ndiyo yenye matumaini ya kurudi.

Kubwa kwa familia ni sheria ya kulinda taarifa binafsi, Amri ya Kifalme namba 6 ya 2022, iliyoanza kutumika Februari 2023. Kwa sheria hiyo, anayehifadhi taarifa zako hana uhuru wa kunyamaza zikivuja: anawajibika kuiarifu Wizara ya Uchukuzi, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari na kukuarifu wewe mwenye taarifa. Nyumbani nako, Kenya ina sheria ya aina hiyo tangu 2019, na Tanzania ilipitisha yake 2022.

Kwa hiyo siku nyingine ukiambiwa "tuma kwa imeli", una haki ya kuuliza: mtaitunza wapi, nani ataiona, na mtaifuta lini? Uliza kwa adabu, kama unavyomuuliza jirani unayemwachia ufunguo wa nyumba. Ofisi inayojua kazi yake itakuwa na jibu.

Na leo usiku, kabla ya kulala, fanya moja tu. Kama neno la siri la kazini ndilo hilo hilo la benki, badilisha la benki.